Maji au nyama?

Kiswahili kina maneno tele ya mvua, ya nazi na ya ndugu, lakini kwa vile vinavyoota ndani ya mwili kimetuachia neno moja tu: uvimbe. Jipu ni uvimbe. Tezi la shingo ni uvimbe. Nyama zinazoota kwenye mji wa mimba ni uvimbe, saratani ni uvimbe, na kifuko cha maji kisichozidi ndimu ndogo, kilichojificha pembeni ya kizazi cha mama aliyeacha kuona siku zake miaka minane iliyopita, nacho ni uvimbe. Mama huyo akitoka chumba cha altrasaundi ameambiwa, "Una uvimbe kwenye ovari," masikioni mwake hakuingii kifuko cha maji. Anamkumbuka jirani waliyemzika mwaka juzi.

Mama ninayemfikiria hapa simtaji jina kwa sababu si mmoja. Tuseme ana miaka 58 na anaishi Kongwa. Mwezi wa pili alikuja Dodoma mjini kwa mwanawe, mtumishi wa wizara aliyehamia Ilazo baada ya serikali kuhama Dar es Salaam, na akiwa hapo akalalamika mgongo. Akapelekwa hospitali, daktari akaagiza picha ya tumbo, na picha ikaonyesha kitu ambacho hakikuwa na habari na mgongo: kifuko kwenye ovari ya kushoto, sentimita 3.4. Karatasi ya majibu imeandikwa kwa Kiingereza. Jioni ile nyumba imejaa washauri. Mwana anasema, "Mama, kitolewe tu tupate amani." Wifi yake anapiga simu kutoka Mpwapwa, anamjua mzee mwenye mizizi ya kuyeyusha uvimbe bila kisu. Mama mwenyewe hasemi kitu, anakunja na kukunjua ile karatasi. Mkwewe, aliyekuwa akisonga ugali kimya, ndiye anayeuliza swali ambalo ningetamani liandikwe ukutani katika kila chumba cha altrasaundi nchini: "Kwani huo uvimbe ni wa maji au wa nyama?"

Ndani ya swali hilo mna karibu miaka sabini ya sayansi.

Tuanze na ovari yenyewe, ambayo wengine huiita mfuko wa mayai. Tangu mwanamke avunje ungo, kazi ya ovari ni kutengeneza vifuko vya maji. Kila mwezi kimoja hukua hadi kufika kama sentimita 2, kinapasuka, yai linatoka, mwezi unaofuata kazi inaanza upya. Kwa hiyo kifuko cha maji ndani ya ovari si mgeni. Hedhi inapokoma, ovari husinyaa hadi kubaki kama sentimita 2 hivi, na kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba baada ya hapo inalala kabisa. Ndiyo maana zamani kifuko chochote kilichoonekana kwa mwanamke aliyekoma hedhi kilihesabiwa kuwa cha kutiliwa shaka, na mkono wa daktari ukaenda kwenye kisu. Mashine zilipoboreka, ikaonekana kwamba ovari hailali kama walivyodhani. Kwa wanawake wengi huendelea kukusanya maji hapa na pale kwa miaka, kisha maji hayo yakapotea bila mtu kujua. Mtu wa Ugogo haimpi tabu picha hii: malambo ya mifugo hujaa mvua ikinyesha, na ukipita mwezi wa tisa unakuta mengine yamebaki udongo uliopasuka. Linalokauka na kujaa tena si lambo bovu.

Namna tulivyojua yaliyomo ndani bila kupasua ni hadithi ninayoipenda mno, kwa sababu ilianza na swali lile lile la mkwe wa Ilazo. Julai 1955, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Glasgow, Ian Donald, alipakia kwenye buti la gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake, baadhi wa nyama za kizazi na baadhi vifuko vya ovari, akaenda navyo kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Kiwandani hapo palikuwa na mashine ya kupeleleza nyufa ndani ya vyuma kwa kutumia sauti. Wenyeji wake wakaweka mezani pande la nyama ya ng'ombe, ili alinganishe. Akagundua kwamba kifuko cha maji na uvimbe wa nyama vinajibu tofauti kabisa.

Sababu ni mwangwi. Ukisimama Dodoma mjini ukaita kwa sauti kuu ukiuelekea mlima Mlimwa, sauti hugonga mwamba na kukurudia. Geuka uite kuelekea uwanda mtupu, hakuna kinachorudi. Altrasaundi hupeleka mwilini sauti nyembamba ambayo sikio haliisikii, kisha husubiri mwangwi. Nyama ina nyuzi, mishipa na mipaka mingi, kila mpaka hurudisha kipande cha sauti, na skrini huonyesha rangi ya majivu. Maji safi hayana cha kugonga. Sauti hupita humo kama inavyopita uwandani, na skrini huwa nyeusi tii, kisha nyuma ya kifuko pananing'inia mng'ao kwa sababu sauti imefika pale ikiwa bado na nguvu zake.

Mwaka 1958, Donald na wenzake John MacVicar na Tom Brown walichapisha kazi yao katika jarida la The Lancet. Mmoja wa wagonjwa wa siku zile za mwanzo alikuwa mwanamke aliyeaminika kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika, tumbo limejaa maji. Mashine ikaonyesha kwamba maji yale hayakutapakaa tumboni. Yalikuwa yamefungwa ndani ya kifuko kimoja kikubwa cha ovari. Akapasuliwa, kikatolewa, akapona. Ushindi mmojawapo wa mwanzo wa altrasaundi, basi, ulikuwa kumtofautishia mwanamke mmoja maji na kifo.

Daktari wa leo anapoangalia ovari ya mama wa Kongwa hutafuta mambo machache. Je, ndani ni peusi patupu? Je, ukuta ni mwembamba na laini, au una vinundu vinavyochomoza kwa ndani? Je, ni chumba kimoja, au kimegawanywa kwa kuta kama tembe la Kigogo? Je, kuna mahali pa nyama, na mahali hapo pana mishipa inayopitisha damu? Je, kipo ovari zote mbili? Je, tumboni kuna maji yaliyosambaa? Kifuko cheusi, chenye ukuta mwembamba, cha chumba kimoja, bila kinundu wala nyama, huitwa kifuko sahili. Nimelitafuta neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa likitamkwa mbele ya mgonjwa linaweza kumrudishia usingizi: mama, ulicho nacho ni kifuko sahili cha maji.

Kipimo kizuri zaidi kwa kazi hii ni kile cha kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, maana kinaikaribia ovari kuliko kinachopita juu ya tumbo. Akina mama wengi wa rika hili hukikataa, na wana haki ya kuona haya, hasa mpimaji akiwa kijana wa kiume wa rika la mtoto wao. Nimesikia wakiambiwa tu "panda kitandani, vua". Mtu akielezwa kwanza kifaa ni kipi na kwa nini, akapewa shuka, akaruhusiwa kuomba mpimaji wa kike, mara nyingi hukubali. Picha nzuri huanzia kwenye adabu hiyo.

Sasa twende Kentucky, Marekani, kwa sababu mambo mawili makubwa ya habari hii yametokea katika jimbo hilo moja.

La kwanza ni la Desemba 1809. Jane Todd Crawford, mama wa watoto kadhaa, tumbo lilikuwa limemvimba hadi watu wakadhani ana mimba iliyopitiliza. Daktari Ephraim McDowell akamweleza kwamba ni ovari, kwamba hakuna aliyewahi kuitoa mgonjwa akapona, na kwamba akiwa tayari atajaribu. Crawford akapanda farasi wakati wa baridi karibu kilomita 100, umbali usiopishana sana na wa Kongwa hadi Dodoma mjini, hadi nyumbani kwa daktari kijiji cha Danville. Akapasuliwa bila dawa ya usingizi, kwa sababu ilikuwa haijavumbuliwa. Dakika 25. Uvimbe ulikuwa na uzito wa kama kilo 10. Baada ya siku 25 alirudi kwao, akaishi zaidi ya miaka 30. Upasuaji wa kutoa uvimbe wa ovari ulizaliwa siku ile, na tangu hapo kisu kimeokoa wanawake wasiohesabika. Nalisema hili wazi ili msomaji asidhani ninaandika dhidi ya upasuaji.

La pili lilianza mwaka 1987, mji wa Lexington, Chuo Kikuu cha Kentucky. Daktari John van Nagell na wenzake walianza kuwapima kwa altrasaundi kila mwaka wanawake wasio na dalili zozote, wakitumaini kuiwahi saratani ya ovari. Mwaka 2003 walichapisha walichokiona kwa wanawake 15,106 wa miaka 50 na kuendelea. Wanawake 2,763, yaani 18 katika kila 100, walikuwa na kifuko cha chumba kimoja kisichofika sentimita 10. Hawakuwapasua wote. Walisubiri na kurudia picha. Katika vifuko 3,259 walivyovihesabu, asilimia 69 vilipotea vyenyewe. Wanawake 10 kati ya hao waliowahi kuwa na kifuko walikuja kupata saratani ya ovari, lakini kwa kila mmoja wao ama kifuko kilikwisha kubadilika sura, ama kilikuwa kimepotea kabla, ama saratani ilitokea ovari ya upande wa pili. Kati ya wanawake waliobaki na kifuko sahili peke yake, bila badiliko lolote, hakuna hata mmoja aliyepata saratani.

Miaka mia mbili kasoro kidogo baada ya Crawford kupanda farasi, jimbo lile lile likatufundisha lini kisu kibaki sandukuni.

Kazi nyingine zimefuata na zimesema karibu lilelile. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipitia picha za wanawake 72,093 na kuangalia nani alipata saratani ndani ya miaka mitatu. Waliovuka miaka 50 wakiwa na kifuko sahili walikuwa 2,349, na aliyepata saratani kati yao alikuwa mmoja. Mwaka huo huo, utafiti wa IOTA unaoongozwa kutoka Leuven, Ubelgiji, ulitoa matokeo ya wanawake 1,919 waliofuatiliwa bila kupasuliwa kwa sababu uvimbe wao ulionekana kuwa salama. Ndani ya miaka miwili saratani ilikutwa kwa watu 4 katika 1,000, na ovari kujisokota, jambo ambalo ndugu hutishwa nalo sana, nako kulitokea kwa 4 katika 1,000.

Kwa nini kifuko cha maji kisigeuke kuwa saratani, kama tulivyodhani kwa miongo? Jibu limekuja karne hii. Wataalamu wa Uholanzi na baadaye wa Boston walichunguza mirija ya uzazi ya wanawake wenye kurithi hatari ya saratani, wakakuta kwamba ile aina ya saratani ya ovari inayoua zaidi mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija, katika chembechembe ndogo zisizoonekana kwa altrasaundi, kisha huiangukia ovari. Haipitii hatua ya kuwa kifuko cheusi cha maji. Njia zao ni mbili tofauti, kama treni ya Kigoma na ya Mwanza, zinazoonekana pamoja stesheni ya Dodoma bila ya moja kugeuka kuwa nyingine. Ndiyo sababu pia kupima wanawake wote wasio na dalili hakujaokoa maisha. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya mwisho mwaka 2021 hayakuonyesha vifo kupungua. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wanawake 1,080 walipasuliwa kwa hofu ambayo ilikuja kuonekana haikuwa na saratani nyuma yake, na 163 kati yao wakapata madhara makubwa ya upasuaji.

Hiyo ni Marekani. Kwetu hesabu ya kisu ni nzito zaidi. Utafiti uliofanyika katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mgonjwa wa bara hili ana uwezekano mara mbili wa kufa baada ya upasuaji kuliko wastani wa dunia, ingawa ni kijana zaidi na mara nyingi hana magonjwa mengine. Karibu vifo vyote vilitokea siku zilizofuata, wodini, muuguzi mmoja akiwa na vitanda vingi na homa ya usiku ikipita bila kuonekana. Mabingwa wetu wanajua kukata. Kinachopungua ni macho ya kumlinda mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mwana anayesema "kitolewe tu tupate amani" ana upendo, ila anaiweka amani yake kwenye mizani bila kuweka upande wa pili.

Chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kinasema hivi: mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye kifuko sahili cha chini ya sentimita 5, upande mmoja, bila dalili, na kipimo cha damu cha CA125 kikiwa cha kawaida, asipasuliwe. Apimwe tena baada ya miezi 4 hadi 6, na akifikisha mwaka mmoja kifuko kikiwa vilevile au kimepungua, aachwe aende zake. Kunyonya maji kwa sindano, ambako wagonjwa wengi huomba wakidhani ni njia ya katikati, hakushauriwi, kwani mara nyingi kifuko hujaa tena.

CA125 ni protini iliyopatikana na Robert Bast na wenzake mwaka 1981 huko Boston. Namba 125 inatokana na jaribio lao la 125. Kiwango cha chini ya 35 huhesabiwa cha kawaida. Lakini hapa kwetu kipimo hiki kina mtego ambao lazima usemwe: kifua kikuu cha tumbo hukipandisha juu sana. Mwanamke mwenye tumbo lililojaa maji, uzito umepungua na CA125 imepanda huweza kuandikiwa saratani ya ovari iliyosambaa, kumbe ana TB inayotibika kwa vidonge vya miezi sita. Moyo dhaifu na ini bovu navyo hukipandisha. Kipimo hiki peke yake hakimhukumu mtu.

Ili kuunganisha picha na damu, Ian Jacobs na wenzake wa London walitunga mwaka 1990 hesabu inayoweza kufanywa kwa penseli hospitali yoyote ya wilaya. Angalia picha: vyumba vingi, sehemu za nyama, maji tumboni, uvimbe pande zote mbili, dalili za kusambaa. Hakuna hata kimoja, andika 0. Kimoja, andika 1. Viwili au zaidi, andika 3. Zidisha mara 3 kwa sababu mama amekoma hedhi. Zidisha tena kwa CA125. Ikifika 200, mgonjwa apelekwe kwa bingwa wa saratani za wanawake, asipasuliwe na mwingine yeyote. Mama wetu wa Kongwa ana 0 ya picha, kwa hiyo jawabu lake ni 0 hata CA125 ikiwa ngapi. Mwingine mwenye vyumba vingi na vinundu vya nyama, CA125 yake 90, anafika 810. Huyo asiambiwe asubiri. Aende hospitali ya Benjamin Mkapa wiki hiyo hiyo, na akihitaji hospitali ya saratani ya Ocean Road apande treni. Tangu mwaka 2024 ile ya umeme inamfikisha Dar es Salaam kwa saa chache, safari ambayo kwa basi ilimwongezea mgonjwa ugonjwa.

Sasa nirudi kwa mzee wa mizizi wa Mpwapwa, maana sitaki kumpita. Chukua wanawake kumi wenye kifuko sahili. Wape maji ya kisima yaliyotiwa majani yoyote, asubuhi na jioni. Kwa hesabu ya Kentucky, saba watarudi na picha safi. Wote saba watatoa ushuhuda, kwa uaminifu, redioni na kwenye makundi ya simu, na kila mmoja atakuwa anasema kweli kwamba alikunywa na uvimbe ukaisha. Kilichowaponya ni muda, na muda haudai elfu themanini za mizizi. Kinachoniumiza zaidi si fedha hiyo. Ni mwanamke wa kumi na moja, ambaye uvimbe wake ni wa nyama, anayesikia ushuhuda wa wale saba na kumaliza miezi sita akinywa majani huku saratani ikitembea.

Ndiyo maana neno "subiri" halitoshi. Daktari akisema "nenda nyumbani, si kitu", mama atasikia amefukuzwa, na kesho atakuwa Mpwapwa. Kusubiri ninakokutetea hapa kuna tarehe, kuna karatasi, kuna dalili anazozijua kwa majina. Na kwenye uwanda wetu wa kati kuna kalenda yake. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Februari ni palizi, na mwanamke wa Kongwa akikaa mjini wiki mbili wakati huo anakula hasara ya mwaka. Miezi minne kutoka Februari ni Juni. Mtama na uwele vimeshavunwa, kuna chochote cha kuuza, nauli inapatikana. Mwongozo wa Uingereza haukuandikwa ukifikiria Ugogo, lakini umeangukia hapo, na daktari anayesema "mama, rudi ukishavuna" ametoa tarehe ambayo haitasahaulika kama "tarehe 14".

Kuna atakayeuliza: na asiporudi? Ni hoja ya haki, na wapo madaktari wanaopasua kwa sababu hiyo tu, wakisema mtu wa kijijini ukimwachia mlango amekwenda. Mimi nakataa. Yule mmoja katika 2,349 anatuambia kwamba hata asiyerudi, kama kweli kifuko chake ni sahili, yuko salama zaidi kitandani kwake kuliko juu ya meza ya upasuaji. Ila uzito wote umelalia maneno "kama kweli". Picha iliyopigwa haraka, kibofu kikiwa kitupu, na mtu asiyezoea ovari ndogo za wazee, haistahili kuitwa jibu. Ikiwa kuna shaka, dawa ya shaka ni picha ya pili kwa mkono wenye uzoefu zaidi, na picha ya pili haimwachi mtu na kovu.

Dalili za kumrudisha kabla ya Juni ni hizi: tumbo kujaa au kukua siku nyingi za mwezi, kushiba baada ya matonge mawili, maumivu ya chini ya kitovu yasiyoisha, kukojoa mara kwa mara bila sababu. Vikitokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi kwa mtu ambaye hakuwa navyo, arudi. Maumivu makali ya ghafla na kutapika, aende usiku huo huo. Kuwa na mama au dada aliyeugua saratani ya titi au ya ovari hubadilisha hesabu yote, kwa hiyo amwambie daktari hata asipoulizwa. Na damu. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, hata mara moja, asisubiri chochote. Damu hiyo kwa kawaida haitoki kwenye kifuko cha ovari. Hutoka kwenye ukuta wa kizazi au kwenye mlango wake, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Inaniuma kuona nyumba nzima ikikesha kwa ajili ya sentimita tatu za maji, wakati tone la damu la mwaka jana lilifutwa kwa kitenge na kunyamaziwa.

Na kama, baada ya kuyajua haya yote, mama bado anasema hawezi kuishi nacho? Ni mwili wake. Ipo njia ya matundu madogo, yupo daktari wa kuifanya, na hofu inayomnyima mtu usingizi mwaka mzima ni ugonjwa wa kuheshimiwa. Ninachoomba ni kwamba uamuzi uwe wake, usiwe wa mwana anayetaka amani, na auamue akiwa anajua kwamba ni maji.

Juni anarudi. Muuguzi anamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anatoa karatasi ya Februari kwenye mfuko wa nailoni aliofungia pia kadi ya bima. Picha ya pili: sentimita 3.2. Februari nyingine, palizi au hakuna palizi, anakuja na mkwewe. Sentimita 3.5. Mkwe anashtuka kwamba kimekua. Daktari anaziweka karatasi tatu mezani, 3.4, 3.2, 3.5, na kuwaeleza kwamba mpimaji huweka alama mbili kwa mkono kwenye skrini, na wapimaji wawili wakipima kitu kilekile siku ileile watatofautiana kwa milimita mbili au tatu. Ndani bado ni peusi. Ukuta bado ni mwembamba. Chumba ni kimoja.

"Mama, kwa ajili ya hiki usirudi tena."

Anazikunja karatasi zote tatu pamoja, polepole, anazirudisha kwenye nailoni. Kisha anainua uso.

"Haya mwanangu. Na mgongo?"

Daktari anavuta kiti, anakaa.